Mlango wa Musizi

Kibeta, Bukoba
9 Machi 2024

Kaka yangu Mwesiga,

Waitu, pokea salamu zangu na za nyumba hii nzima, ingawa nyumba nzima siku hizi ni mimi na paka. Hatujambo. Mvua zimeanza vizuri, maharage nyuma ya jiko yameshaota, na kwaya ya kina mama imenihamishia sauti ya pili baada ya kugundua kwamba ile ya kwanza naipigia kelele. Mwanangu Alexander amepiga simu kutoka Dodoma, anakusalimu mjomba wake na anauliza kama bado unatengeneza vile viti vya miguu mitatu. Kioo cha dirisha la jikoni kilivunjika mwezi uliopita, tumeshaweka kingine.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla ya salamu kwisha. Kwenye barua angalau kila mmoja anamaliza sentensi yake. Anayekuletea ni Avit, mnunuzi wa ndizi anayepanda huko Kamachumu na pikapu yake. Amekubali kuwa posta yetu, mradi kila akipita apewe chai.

Jambo lenyewe ni mlango. Alexander amenitumia kitasa cha kisasa kisicho na ufunguo. Kinatumia betri, kwa hiyo umeme ukikatika hakijali. Mbele kina kioo cheusi. Ukikigusa namba zinawaka, unabonyeza namba zako za siri, na ulimi wa chuma unarudi ndani wenyewe. Hakuna tena kupekua pochi mvua inakunyea. Kila mtu nampa namba zake: Alexander zake, jirani yangu Sada zake, na wewe zako utakapokuja. Fundi Ayubu wa Kashai amepima. Anasema lazima autoboe mlango tundu la duara, upana wa kikombe cha kahawa.

Sasa mlango ule ni kazi ya mikono yako. Uliuchonga kutoka kwenye mti wa musizi wa kibanjani kwa tata, baba yetu, ukauleta juu ya lori wiki ya harusi yangu, na shemeji yako Byabato akakataa kuupaka rangi mpaka anakufa. Siwezi kumruhusu mtu autoboe kabla sijakuuliza. Unasemaje?

Chumba cha upande wa mchungwa kimetandikwa.

Mdogo wako,
Judica


Kamachumu, Muleba
2 Aprili 2024

Judica,

Salamu zimefika, na paka nisalimie. Mimi mzima. Kahawa zimebeba, Mungu akipenda mwezi wa sita tutachuma. Mnyauko umepita kwenye migomba ya majirani na kwangu nimeng'oa mashina machache, lakini kibanja cha tata bado kina kivuli. Barua yako ilikaa kwa Avit mpaka ikanuka ndizi mbivu.

Mlango usio na ufunguo hauna mwenyewe. Hivyo ndivyo ninavyoona mimi, na kuishi kwingi ni kuona mengi. Unamkumbuka tata? Alikuwa anasimama nje ya nyumba ya mwanawe mwenyewe, anapiga hodi, anangoja aitikiwe, ndipo anainama kuingia. Hicho kitasa chako kinamwitikia nani? Mtu anabonyeza tu, anaingia kama maji.

Lakini nyumba ni yako na ni wewe uliyechagua kukaa huko. Siku tulipomaliza matanga ya shemeji nilikuambia rudi kwetu, kibanja kipo, chumba kipo. Ukanijibu mbele ya watu kwamba mlango wako uko Kibeta. Haya, mlango huo ndio sasa unataka kuutoboa.

Huyo Ayubu asiuguse. Musizi uliokauka miaka yote hiyo ukiutoboa vibaya unapasuka kufuata nyuzi zake. Nitakuja kuutoboa mwenyewe. Ngoja mvua zipungue, barabara ikauke.

Usishangae mwandiko, naandikia gotini.

Mwesiga


Kibeta, Bukoba
20 Aprili 2024

Kaka Mwesiga,

Nimefurahi mpaka nimemsomea Sada barua yako, na Sada si mtu wa kufurahia barua za wengine. Yeye na mwanawe Sumaiya wanakusalimu. Hapa tu wazima, mguu wangu tu unanisumbua kidogo kwa sababu ya baridi.

Barabara ni ya lami, kaka. Lami ilianza lini kungoja ikauke? Sema tu unachuma maneno. Na hilo goti unaloandikia lina vilima, maana mstari wako wa tatu umepanda mgongoni mwa wa pili kama mbuzi juu ya kichuguu. Ningekuwa bado nafundisha darasa la kwanza ningekurudishia daftari.

Kuhusu kurudi kwetu. Sikukataa kwa dharau. Byabato amelala hapa nyuma ya nyumba, na nikiondoka magugu yatamfunika kabla ya Pasaka nyingine. Ningekueleza siku ile ile, ila ulikuwa umeshapanda gari. Tangu siku hiyo hujakanyaga hapa. Kutoka kwako mpaka kwangu mtu anaondoka asubuhi na chakula cha mchana anakula huku, lakini mimi nakukumbuka kama mtu aliyeko ng'ambo.

Nimemwambia Ayubu asubiri. Kitasa kiko juu ya kabati kwenye boksi lake. Nakungoja wewe na drili yako.

Judica


Kibeta, Bukoba
15 Juni 2024

Kaka,

Salamu tena, maana za kwanza hazijarudi. Huku tu salama. Najua ni msimu wa kahawa, najua jamvi linataka mtu wa kugeuza kahawa juani. Lakini mistari miwili tu ingekushinda?

Avit anasema barua ya Aprili alikupa mkononi, ukashukuru, ukaitia mfukoni. Nilipomuuliza kama uliisoma mbele yake, akaanza kunieleza bei ya ndizi. Avit akianza kueleza bei ya ndizi ambayo hakuulizwa, najua kuna kitu.

Kama unanuna, nuna, lakini uje ununie hapa. Mimi nimechoka kupika chungu kidogo. Nikipika ndizi nazidisha bila kukusudia, kisha nawapelekea kina Sada, na Sada ananitazama kwa huruma, jambo ambalo silipendi.

Kwa kuwa wewe huji, kitasa kinakuja. Nimempa Avit boksi zima. Kishike, kikague, kigeuze, uniambie kama mlango wako utakivumilia. Mle ndani nimeweka na kitu kingine. Ukikiona utajua kwa nini.

Judica


Kamachumu, Muleba
11 Julai 2024

Kwa dada yangu mpendwa Judica katika Bwana,

Salamu nyingi za upendo zikufikie ukiwa katika afya njema na uzima wa roho na mwili. Maneno hayo ni ya Mwinjilisti Lameki, si yangu. Nimejigonga mkono kwa nyundo, kwa hiyo yeye anaandika na mimi nasema. Ni mpangaji wangu, ametoka Ngara mwaka jana, mtu mwema ila hajui kufupisha. Alitaka kuanza na zaburi nikamkatalia.

Kahawa ilikuwa ya wastani. Mbuzi amezaa mapacha. Nakula vizuri.

Boksi limefika na kitasa nimekikagua. Ni chuma kizuri, kizito, kimetengenezwa na mtu anayejua kazi yake. Mlango utakivumilia. Na ile karatasi ngumu ya maelekezo uliyoweka ndani nimeisoma yote mwanzo hadi mwisho. Kiingereza ni kingi lakini fundi haelekezwi kwa Kiingereza, anaelekezwa na mbao. Kitasa nimemrudishia Avit akuletee. Hiyo karatasi nimebaki nayo ili niisome tena taratibu kabla ya kuja.

Nitakuja mkono ukipona. Usinihesabie tarehe.

Kaka yako Mwesiga, na mwandishi wake Lameki anakusalimu sana na kukukumbusha kwamba Bwana ndiye mlinzi wa kweli wa milango yote.


Kibeta, Bukoba
3 Agosti 2024

Kaka yangu,

Nakusalimu. Leo sina habari za paka.

Mwinjilisti Lameki, najua ni wewe unayesoma. Nakuomba mkae ndani, usome taratibu, na usiongeze kitu.

Kaka, ile haikuwa karatasi ya maelekezo. Ilikuwa picha.

Ni picha yako wewe na mimi siku ya harusi yangu, mbele ya mlango, kabla haujatiwa kwenye fremu. Umeuegemeza ukutani na umeushika kwa mkono mmoja kama unaogopa utakimbia. Una shati jeupe na maranda kwenye nywele. Mimi nalia. Tata yuko pembeni na kofia yake, hatazami kamera, anautazama mti wake. Niliitoa kwenye fremu ya sebuleni nikakutumia bila neno, nikajua ukiiona hutamaliza wiki bila kuja. Na wewe umeisoma mwanzo hadi mwisho.

Nililia, kisha nikakasirika, kisha nikalia tena. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, mtoto asiyeona ubao nilikuwa namjua kwa mistari ya daftari lake kabla mzazi wake hajajua. Mstari wako uliopanda mgongoni mwa mwenzake niliuona, nikafanya mzaha. Mkono wako haukugongwa na nyundo yoyote, kaka. Umeona giza tangu lini? Nani anakuchemshia maji? Ukienda kibanjani unashika nini?

Mficha maradhi kifo humuumbua, mama alitufundisha wote wawili. Njoo Bukoba, twende kwa daktari wa macho pamoja. Nitakaa nawe kwenye benchi mchana kutwa. Kama ni mtoto wa jicho siku hizi wanamtoa na mtu anarudi nyumbani. Njoo tu. Sikuitii mlango tena. Nakuitia wewe.

Judica


Kamachumu, Muleba
14 Septemba 2024

Judica,

Nimesomewa. Nilimwambia Lameki arudie mahali pa tata na kofia yake.

Sasa na mimi nikuulize. Kioo cha dirisha la jikoni kilivunjwa na nani? Nimemkalisha Avit kwenye kigoda na safari hii sikumruhusu kufika kwenye bei ya ndizi. Amesema kilivunjwa na Sada, kwa nyundo ya kupondea mawe, kwa sababu ulikuwa umeanguka bafuni, umelala sakafuni na nyonga imeumia, huku komeo limefungwa kwa ndani, unaita na sauti inaishia kwenye korido. Mguu unasumbuliwa na baridi, eti. Ndiyo maana mwanao amekutumia kitasa ambacho jirani anaweza kukifungua akiwa nje. Ungenieleza hivyo tangu Machi nisingesema lolote kuhusu tata na hodi. Mimi nilikuficha macho, wewe ukanificha nyonga. Hakuna wa kumsema mwenzake.

Kwa daktari nilikwenda, mwaka jana, peke yangu. Si mtoto wa jicho. Ni presha ya macho, na alinieleza kwa upole kwamba kilichokwisha kuondoka hakirudi. Jicho la kushoto limefunga. La kulia linaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu. Natia dawa ili hicho kilichobaki kisiondoke nacho. Basi, nimekwambia.

Kuja siji. Nilikuwa najidanganya mwenyewe kuhusu drili. Sitaki kushushwa kwenye gari kwa kushikwa mkono kama mbuzi wa mnadani, nisimamishwe mbele ya mlango niliouchonga mwenyewe nikiwa siuoni. Na hicho kitasa nilikipapasa mchana mzima. Kioo kitupu, Judica. Hakina pa kushika, hakina mahali kidole kinapojua kiko wapi. Kila mtu unampa namba za kuingilia kwako, lakini mimi hata nikija nitasimama nje mpaka aje mtoto wa Sada anifungulie. Hilo ndilo lililoniuma kuliko daktari.

Mwambie Ayubu atoboe. Aanze upande wa nje, ncha ikichungulia ndani asimamishe, azunguke amalizie kwa ndani. Hautapasuka.

Nakukumbuka. Lameki ameandika hilo mara mbili, nimemwambia afute moja. Kama hakufuta, liache.

Mwesiga


Kibeta, Bukoba
23 Novemba 2024

Kaka Mwesiga,

Hakufuta.

Senene wameanguka mwaka huu. Mji mzima unanuka senene wa kukaanga na watu wanasameheana hovyo. Nimekukaangia pakiti, anayo Avit. Ikifika pungufu unamjua mwizi. Nyonga yangu ni nzima isipokuwa kwenye ngazi, na sasa nitakuwa nakuambia ukweli hata kama haupendezi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi. Kile kitasa cha kioo nimekikataa. Alexander alilalamika, akasema ndicho cha kisasa zaidi, nikamwambia akifunge kwake Dodoma. Tumezunguka na Ayubu mpaka tukapata kingine, cha betri vile vile, lakini chenye vibonyezo vya chuma vilivyochomoza, vimepangwa vitatu vitatu kama mayai kwenye trei. Ukibonyeza unasikia kimekubali. Kwenye kile cha katikati nimedondosha tone la gundi, likakauka likawa kipele kidogo. Kidole chako kitakiona.

Ayubu alitoboa kama ulivyosema, nje kwanza, kisha ndani. Mimi nilisimama jikoni nimeziba masikio. Haukupasuka hata unywele. Kipande kilichotoka hiki hapa kwenye bahasha ya kaki, duara, kina tundu katikati. Kishike. Kinuse. Miaka yote hiyo, na bado kinanuka kama karakana yako.

Sasa namba zako. Siwezi kuziandika maana Mwinjilisti anasoma, naye ni mtu mwema lakini anahubiri. Kwa hiyo sikiliza. Kile kipele ni nyumbani kwa tata. Tulipokuwa tunatumwa maji unakumbuka tulikuwa tunapita wapi? Tunatoka nyumbani, tunafika kisimani, tunapitia kwa bibi Anatolia atupe kahawa za kutafuna, tunarudi nyumbani. Kidole chako kipite njia hiyo hiyo. Mtu wa Ngara hawezi kuijua, na ndugu zetu wengine walioijua wameshazikwa. Tumebaki wawili.

Sikuombi uhame. Kahawa ni zako, kaa nazo. Nakuomba uje kwa miguu yako, ufungue mwenyewe. Na kama Avit atakushika mkono mpaka barazani, mbona hata mimi Sada ananishika nikienda kanisani? Hajanipeleka mnadani bado.

Siiwekei Krismasi tarehe. Yenyewe ina yake.

Mdogo wako,
Judica


Kibeta, Bukoba
Mezani kwako, 20 Desemba 2024

Judica,

Naandika mwenyewe. Nimeweka ukingo wa kitabu chako cha nyimbo chini ya mkono ili mstari usipande mgongoni mwa mwenzake. Ukipanda, usinirudishie daftari.

Nimefika mchana. Avit alinishusha barabarani akanishika mkono na sikufa. Sada alitoka kwake akasema uko mazoezini kwenye kwaya, na akataka kunifungulia. Nilimkatalia kwa heshima. Akabaki amesimama nyuma yangu na Avit pia, nikawasikia wanavyopumua.

Nilianza na mlango. Niliupapasa kutoka juu. Ile alama ya patasi iliyoniponyoka karibu na bawaba ya juu bado ipo. Byabato hakuwahi kuigundua, au aligundua akaninyamazia. Unyevu wa mvua umeuvimbisha chini na unakwaruza sakafu. Nimekuja na randa, kesho nitauparua. Kwa kazi hiyo macho hayahitajiki. Hilo tundu la Ayubu ni safi. Mwambie nimesema.

Kisha nikapiga hodi. Najua hukuwepo. Nikapiga tena, nikangoja kama tata, na mara ya tatu nikaona haya mbele ya Sada. Ndipo nikatafuta kipele. Nikaanzia nyumbani, nikashuka kisimani, nikakata kwa bibi, nikapanda nyumbani. Kitasa kikaguna, Judica. Ulimi ukarudi ndani na mlango ukanifungukia kama ulivyofunguka siku ile nilipoutundika. Nililia mbele za watu, watakuambia. Usiwabishie.

Kile kipande cha duara ninacho shingoni kwa kamba. Lameki anasema si cha Kikristo. Nimemwachia mbuzi awalishe.

Nimekula ndizi zilizokuwa kwenye chungu. Ni kweli unazidisha.

Sasa nimechoka na njia, nimelala chumba cha upande wa mchungwa. Mlango wa chumba nimeurudishia tu, hauna kitasa chochote, lakini ukirudi usiingie kama maji. Simama hapo nje upige hodi. Nimekaa muda mrefu bila mtu wa kumwitikia.

Kaka yako,
Mwesiga